Bima Niliyowachagulia Wenzangu

Nilipofika Nyeri kufundisha Kiswahili, watu walianza kunisifu kabla hawajaniona darasani. Walisifu namna ninavyoongea. Mimi ni mtu wa Morogoro, na Kiswahili changu ni kile kile cha nyumbani kwetu, cha kununulia mboga na kugombezea watoto. Lakini katika shule ile ya bweni, nje kidogo ya mji, nikisema tu "naomba unisogezee kile kiti," chumba kizima cha walimu kiligeuka kunitazama.

"Haiya, sikieni vile huyu anaongea," mmoja alisema. "Ni kama redio."

Nilicheka na kujifanya sipendi. Ukweli ni kwamba nilipenda sana. Ugenini mtu huwa hana ukoo wala jina, na mimi nilikuwa nimepewa kitu cha kujulikana nacho. Nikakishika kwa mikono yote miwili.

Shule iko mbali na barabara kuu, na asubuhi za kule zina baridi ya kuuma vidole, kwa hiyo mwalimu mmoja alipohamia Mombasa nilinunua kigari chake cha kijivu. Sikujua pa kuanzia kuhusu bima. Nchi si yangu, leseni yangu ilitoka kwetu, na hata maneno hayakuwa yale niliyoyazoea. Aliyenishika mkono ni metroni wa shule, mama mmoja mnene kidogo, mpole, mwenyeji wa Kutus, anayewatunza wasichana wa bweni na chumba cha wagonjwa. Yeye na mumewe walikuwa na pikapu. Mumewe hulima mpunga kule Mwea, na pikapu ndiyo iliyopeleka mchele kwa wateja wao wa Karatina, Nyeri mjini na Naro Moru.

"Wacha nikupeleke kwa mzee wangu wa bima," aliniambia. "Niko na yeye miaka mingi. Anaongea sana lakini hana shida."

Ofisi ya mzee huyo ilikuwa ghorofani, karibu na soko, juu ya duka la mbegu na dawa za mifugo. Nilimwamkia shikamoo, kama nilivyolelewa. Akacheka, akamtazama metroni, akasema, "Asante."

Nikamwambia nataka bima kubwa.

"Bima kubwa ni gani? Ya lori?"

Nikamweleza kwamba kwetu bima ndogo ni ile ya kumlipia uliyemgonga tu, na bima kubwa inalipia hata gari lako mwenyewe. Akacheka tena. Tangu siku hiyo jina langu kwake likawa Mwalimu wa Bima Kubwa. Kisha akaanza kuuliza. Pasipoti iko wapi? Kibali cha kazi kinaisha lini? Nani ananijua hapa? Nilimwambia nimeendesha gari kwa miaka mingi kati ya Morogoro na Dodoma, katikati ya malori, bila kumgusa mtu.

"Hiyo rekodi yako iko huko kwenu," alisema. "Hapa wewe ni kama mtu ameanza kuendesha jana. Kwa hivyo utalipa kama mtu wa jana."

Hakusema kwa ubaya. Lakini niliposhuka zile ngazi uso wangu ulikuwa unawaka. Alikuja shuleni kulikagua gari, akalizunguka polepole huku upepo ukipeperusha koti lake, akapiga picha kila mkwaruzo, hata ule wa chini ya mlango ambao mimi mwenyewe sikuwahi kuuona. Metroni alimletea chai. Mimi nilisimama pembeni nikijiona kama mtuhumiwa. Kila nilipomkumbuka baada ya hapo, nilikumbuka kwamba alinifanya mgeni.

Bima ilipokaribia kwisha, kampuni mpya ilikuwa imefungua ofisi mjini. Milango ya vioo, viti vya rangi, na msichana mchangamfu aliyeniita dada. Hakuuliza pasipoti. Hakuja kulitazama gari. Nilipiga picha mwenyewe kwa simu nikamtumia. Bei ilikuwa chini kuliko ya mzee, na kwa bei hiyo hiyo waliahidi kulivuta gari likiharibika njiani na kunilipia kioo kikivunjika. Nilipouliza kama uzoefu wangu wa kwetu unahesabika, akasema, "Bila shaka, dada." Nilitoka pale nikijisikia mwenyeji.

Kama ningenyamaza, habari ingeishia hapo. Lakini sikuweza kunyamaza. Nilikuwa nimegundua kitu ambacho wenyeji hawakukijua, na hamu ya kukisema ilinila. Saa ya chai nilisimama karibu na birika nikaanza kuwaeleza wenzangu. Niliongea vizuri, nalikumbuka hilo kwa uchungu. Maneno yalikuja yenyewe. Nilimwigiza mzee akilizunguka gari na koti lake, wakacheka hadi mwalimu wa hesabu akamwaga chai. Nikawauliza kwa nini mtu amlipe mwingine ili amdharau. Walitikisa vichwa. Nadhani wengine hawakuwa wanasikiliza habari za bima hata kidogo. Walikuwa wanasikiliza Kiswahili.

Metroni aliingia na funguo zake mkononi, akasimama mlangoni akisikiliza. Nilipomaliza, akauliza kwa sauti yake ndogo:

"Na Mwalimu, sasa hawa watu wakikataa kulipa, mimi nitaenda kwa nani? Yule mzee najua hata kwake nyumbani."

Lilikuwa swali la maana kabisa. Mimi sikuwa na jibu, na sikutaka wajue kwamba sina. Nikacheka.

"Metroni wangu," nikasema, "kwani ukienda sokoni kununua kuku, huwa unamuuliza muuzaji kuku akifa mtamzika wapi?"

Chumba kizima kililipuka kwa kicheko. Metroni naye akatabasamu. Akazitazama funguo zake, akachagua mmoja, akatoka.

Ndani ya muhula ule walimu kadhaa walihamia kampuni ile. Metroni naye alikuja, mwisho kabisa, akaniomba nimsindikize. Nilikaa naye kwenye vile viti vya rangi. Karatasi zilikuwa za Kiingereza kizito, na nilijitolea kumtafsiria. Nilisoma ukurasa wa kwanza kwa madaha yote, na zilizobaki nikazifunua haraka nikisema ni yale yale. Metroni akatia sahihi, na yule msichana akampigia makofi. Nilihisi nimemfanyia metroni jambo jema, na hilo ndilo ninaloliona gumu kulieleza: sikuwa na nia mbaya hata chembe. Nilikuwa na furaha.

Mvua za masika zikaja. Asubuhi moja mume wa metroni alikuwa anapeleka mchele Naro Moru. Ukungu ulikuwa umelala barabarani, na punda wawili wakatokea mbele yake wakiwa na mitungi ya maji mgongoni. Akawakwepa. Pikapu ikaingia mtaroni, ikapinduka ubavu. Punda hawakuguswa. Yeye alivunjika mfupa wa bega, na magunia yakapasuka, mchele ukamwagika kwenye matope.

Nilimkuta metroni kwenye chumba cha wagonjwa, simu sikioni, akiongea Kikuyu haraka haraka. Aliponiona akaweka simu chini, akafuta macho kwa kitambaa cha kichwani.

"Mzee wangu yuko hai," alisema. "Pikapu ndio imeharibika kabisa. Lakini Mwalimu, ni vizuri tuko na bima. Mungu ni mwema kwa vile ulituonyesha."

Nilimpigia yule msichana pale pale, mbele yake, kwa kujiamini. Simu iliita mpaka ikakata. Nikapiga namba ya ofisi. Ikaita vile vile. Nikasema pengine wana mkutano.

Tulikwenda mjini pamoja alasiri ile. Mlango wa vioo ulikuwa umefungwa kwa mnyororo, na ndani viti vya rangi vilikuwa vimesukumwa ukutani. Mlinzi wa duka la jirani alikuwa ameegemea ukuta.

"Hao hawako," alisema. "Ati kampuni imesimamishwa. Watu wanakuja hapa kila siku kuuliza. Mimi sijui kitu."

Metroni alisogea mpaka mlangoni. Aliushika ule mnyororo, akauvuta kidogo, akauachia, kama anavyojaribu kufuli la bweni kila jioni. Hakugeuka kunitazama. Alisema tu, "Turudi, wasichana watataka dawa."

Niliendesha kurudi shuleni. Gari langu lilikuwa zima. Bega langu lilikuwa zima. Katika watu wote niliowaongoza kwenye mlango ule, mimi sikupatwa na chochote, na ninaamini ningeumia kidogo tu, hata kupasuka taa, ningeweza kumtazama usoni.

Siku chache baadaye habari zilithibitishwa: kampuni ilikuwa imeishiwa fedha na kuwekwa chini ya msimamizi, na madai yote yangesubiri. Yangesubiri mpaka lini, hakuna aliyejua. Katika chumba cha walimu hakuna aliyenitukana. Laiti wangenitukana. Kila mmoja alirudi kimya kimya alikotoka, kwa wakala wake wa zamani, akalipa upya. Kilichobadilika ni kitu kidogo ambacho mtu mwingine asingekiona. Nilikuwa nikiongea na chumba hakigeuki. Siku moja nilisema sentensi ndefu kuhusu ratiba ya mitihani, sentensi ambayo zamani ingeshangiliwa, na mwalimu wa hesabu akajibu bila kuinua kichwa, "Sawa, Mwalimu."

Nami ilinibidi kurudi kwa yule mzee. Nilipanda zile ngazi kwa mwendo wa mgonjwa.

"Mwalimu wa Bima Kubwa!" alisema. "Karibu. Kaa hapo."

Nilikaa. Akamaliza kusoma gazeti. Kisha akaingia mteja mwingine, mkulima wa kahawa, na mzee akamsimulia habari yangu yote tangu mwanzo nikiwa nimekaa pale pale, kwa Kikuyu, akisahau au asijali kwamba kwa muda niliokaa Nyeri nilishaokota maneno ya kutosha. Nilisikia neno la kuku. Kumbe hata ule mzaha wangu wa kuku ulikuwa umemfikia. Mkulima aliniangalia kwa huruma. Nilitoa pasipoti yangu kabla sijaombwa, nikaishika magotini kama mtoto aliyeshika daftari lake.

Mavuno ya mpunga yalikuwa yamefika, na pikapu ilikuwa imelala kwa fundi Karatina ikisubiri hela ambazo hazikuwapo. Niliwaza nimwambie nini metroni, na kila nililowaza lilikuwa hotuba. Mwishowe nilimfuata bwenini alipokuwa anakunja mashuka.

"Jumamosi nina nafasi," nikamwambia. "Na gari lipo."

"Gari yako ni ndogo."

"Tutakunja viti vya nyuma."

Akakunja shuka moja, akaliweka, akakunja jingine. "Saa kumi na mbili basi," alisema. "Ukichelewa wateja wanaenda kwa wengine."

Kwa hiyo nikawa dereva wa mchele. Kila Jumamosi tulishuka Mwea alfajiri, ambako mumewe alitungoja kwenye mashine ya kukoboa mpunga, mkono ukiwa umening'inizwa shingoni kwa kitambaa. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alipanga magunia kwa kidole tu, hili huku, lile kule, na gari likikaa chini sana upande mmoja alitikisa kichwa, tukaanza upya. Sijui kama alijua yote. Nadhani alijua. Siku ya kwanza alifuta kiti changu kwa mkono ule mzima kabla sijakaa, na mimi nikawa naangalia mashamba, yale maji yaliyotulia na ndege weupe, ili nisimwangalie yeye.

Karatina mama mmoja wa sokoni aliyezoea kumuona mumewe alimuuliza metroni, huku akinyoosha kidevu upande wangu, "Na huyu ni nani?"

"Huyu ni dereva," metroni akajibu.

Nilishusha magunia. Jasho lilinisaidia kuficha uso.

Jumamosi moja, tukipanda kuelekea Karatina, mshale wa kipimo cha joto ulipanda na moshi ukaanza kutoka mbele. Nilisimamisha gari kando, tukashuka. Hapakuwa na la kufanya ila kusubiri injini ipoe. Tulisimama tukitazama mashamba ya chai chini yetu, na ule ukimya wa wiki zote ukawa mzito mpaka nikashindwa kuubeba. Nikaanza hotuba yangu. Nilikuwa nimeitunga usiku baada ya usiku: kwamba nimejawa na majuto, kwamba laiti ningalijua, kwamba imani aliyoniwekea...

Akainua mkono.

"Mwalimu. Usiniongeleshe hiyo Kiswahili ya redio."

Akashusha mkono.

"Wewe unafikiria nimekasirika juu ya hiyo kampuni," alisema. "Kampuni ikianguka, imeanguka. Hata yule mzee kampuni yake inaweza anguka. Mimi nimekasirika kwa vile siku ile nilikuuliza kitu moja tu. Nikakuuliza nikiwa na akili yangu. Na wewe ukanijibu na hiyo kuku, watu wote wakacheka. Nikasema, kumbe ni mimi ndio sijui kitu. Nikaona haya kuuliza tena. Hata ile siku ya kuweka sahihi nilitaka kuuliza, nikaona haya. Nikasema Mwalimu atanicheka."

Lori lilipita likatutikisa. Nilitafuta neno. Mimi niliyekuwa na maneno ya kila kitu, nilitafuta nikakosa, na niliyoyapata yalikuwa mawili.

"Nilikosea. Nisamehe."

Aliniangalia kwa muda, kama anavyomwangalia msichana anayesema anaumwa tumbo siku ya mtihani. Sijui aliona nini.

"Weka maji kwa gari," alisema. "Mchele itachelewa."

Hatukulizungumza tena jambo hilo. Hakuniambia amenisamehe, na sikumuuliza. Lakini kuanzia siku hiyo alianza kuongea njiani: habari za wasichana wa bweni, za bei ya mbolea, za dada yake anayemsumbua. Nilisikiliza. Mara nyingine alisema jambo ambalo zamani ningelijibu kwa mzaha mzuri, mzaha ukanijia mpaka ncha ya ulimi, nikaumeza. Kuumeza si kazi rahisi kama inavyosikika. Hata darasani, nikisikia wanafunzi wanacheka kwa jambo nililomjibu mwenzao, huwa nasimama na kumtazama yule aliyeuliza.

Kampuni ile haijamlipa mpaka leo. Pikapu ilitengenezwa kwa mkopo wa chama chao cha wakulima, na boneti yake sasa ni ya bluu wakati mwili ni mweupe, kwa sababu fundi alipata hiyo kutoka gari jingine. Wakati wa kuikatia bima, metroni aliniomba nimpeleke mjini. Nilimuuliza kama angependa niingie naye.

"Hapana," alisema. "Wewe ngoja hapa."

Nilingoja ndani ya gari kando ya barabara, karibu na wauza ndizi. Alikaa ndani muda mrefu. Aliingia ofisi moja, akatoka, akavuka barabara, akaingia nyingine, kisha akarudi ile ya kwanza. Nilimuona kupitia dirishani akiwa ameinama juu ya meza, kidole kwenye karatasi, na karani akieleza, na kidole kikishuka mstari mmoja, na karani akieleza tena. Alipotoka hakuniambia alichagua kampuni gani. Nami, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, sikutoa maoni.

Jumamosi iliyofuata niliamka mapema kwa mazoea, nikavaa, nikakumbuka kwamba pikapu imetengenezwa na bega la mumewe limepona, kwa hiyo sihitajiki. Nilisikia pikapu ikiwashwa kule bwenini, ikakohoa, ikashika, ikaondoka. Nilirudi nikaketi kitandani, viatu vikiwa bado miguuni. Ningepaswa kufurahi.

Jioni metroni alinigongea mlango. Alikuwa amebeba mfuko wa mchele, ule wenye harufu, wa shamba lao wenyewe. Nikauliza ni wa nini.

"Ni wa kula," alisema. "Kwani mchele ni ya nini?"

Nilitaka kukataa. Nilitaka kumwambia sistahili, na sentensi nzima ilikuwa tayari, nzuri, yenye mizani. Niliupokea mfuko, nikasema asante. Alichungulia ndani ya nyumba yangu, akaona jiko limezimwa, akaingia bila kukaribishwa, akavuta kiti. Akasema amechoka, barabara ya Naro Moru imeharibika tena, na kwamba atakunywa chai kama ipo. Niliweka maji jikoni nikiwa nimempa mgongo, na nikakaa hivyo, nikilitazama sufuria, mpaka nilipokuwa na hakika kwamba uso wangu umetulia.